Jiwe la Nyuma ya Kiti

Kabla hujawasha gari, tafuta jiwe.

Najua mtacheka. Nyinyi vijana mna magari ambayo breki ya mkono inashika, na lami imefika hadi kwenye lango la kanisa. Lakini nimefundisha udereva katika shule ya sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi, nimestaafu na meno yangu yote na leseni isiyo na doa, na neno la kwanza ninalowaachia ni hilo. Sababu yake ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaeni vizuri.

Nikimwambia mtu kwamba nilifundisha gari katika shule ya upili ya serikali, huniangalia kama aliyepanda basi la Nanyuki akitaka kwenda Kenol, upande wa pili kabisa. Shuleni watu walifundishwa historia, hesabu na Biblia. Gari ulijifunza kwa mjomba, na kama huna mjomba, ulitembea. Shule yetu ndiyo iliyokuwa na wazimu wake, na wazimu ule ulikuwa na mwenyewe: mwalimu mkuu wetu, Bwana Nderitu.

Shule ilikuwa juu ya kilima upande wa Othaya, chai huku, kahawa kule, na barabara ya udongo mwekundu ikishuka katikati kama ulimi wa ng'ombe. Uhuru ulikuwa bado mpya. Siku moja Bwana Nderitu aliwaita wazazi wote, akasimama mbele yao na tai yake ya kijani, akasema: "Wazungu wameenda. Magari yamebaki. Nani atayaendesha? Kuanzia mwaka huu, mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye hajui gari hataondoka hapa na barua yangu."

Mzazi mmoja aliinuka nyuma, kofia mkononi. "Mwalimu Mkuu, mimi kwangu hakuna gari. Niko na punda. Huyu mtoto akijua gia, ataiweka wapi kwa punda?"

"Mzee," Bwana Nderitu akajibu, "mtoto wako anafundishwa ramani ya Marekani. Umewahi kuniuliza ataiweka wapi?"

Watu wakapiga makofi. Jambo ambalo hakuna aliyemuuliza ni kama yeye mwenyewe alijua kuendesha. Hakujua.

Mimi nilikuwa fundi wa mbao wa shule. Nilitengeneza madawati na vitanda, na nilipewa kazi ya kufundisha gari kwa sababu moja tu, kwamba katika wafanyakazi wote ni mimi niliyekuwa na leseni. Udereva nilikuwa nimejifunza peke yangu kwa kitabu cha zamani, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nimekaa juu ya kigoda na kushika gurudumu la baiskeli. Kitabu kilikuwa kizuri sana, ila panya walikuwa wamekula sura ya kurudi nyuma. Kwa muda fulani, kwa hiyo, nilikuwa dereva wa kwenda mbele tu. Nilipoazimwa gari na binamu yangu, nilipita nyumbani kwangu nikipunga mkono, nikaenda hadi sokoni ambako kulikuwa na uwanja mpana, nikazunguka, ndipo nikarudi. Mke wangu alidhani ninaringa.

Aliyenifundisha ile sura ya panya ni Mzee Gathua, bawabu wetu wa shule. Ujanani, kabla leseni yake haijaisha muda, aliendesha malori ya kahawa kwenye milima yote kuanzia Othaya hadi Mweiga, na kama kuna profesa wa matope duniani, alikuwa yeye. Siku ya kwanza alinitazama nikiondoa gari, akatikisa kichwa.

"Mwarimu, wewe uko na akili mingi," akasema. "Lakini mguu yako haina masikio."

Akanivua viatu. Klachi, alisema, husikiwa kwa unyayo. Unaiachia polepole hadi uhisi gari linatetemeka kama paka anayekoroma kwa raha, hapo unangoja kidogo, ndipo unaongeza mafuta. Mwenye buti hawezi kuusikia mtetemo ule. Nimewavua viatu wanafunzi wangu wote tangu siku hiyo, na wakaguzi wa shule waliotutembelea hawakuacha kuuliza kama darasa la gari ni la watoto maskini.

Mtihani wake mwingine ulikuwa wa uji. Alijaza kikombe, akakiweka juu ya boneti, akamwambia mwanafunzi aondoe gari. Uji usipomwagika, mwanafunzi anakunywa. Ukimwagika, anapangusa boneti, na Mzee Gathua anakunywa uji uliobaki kwenye birika, ambao siku zote ulikuwa mwingi. Niligundua baadaye kwamba alikuwa akichagua hasa asubuhi za baridi na wanafunzi wenye miguu mizito.

Lakini nimeruka. Gari lenyewe halikuja mara moja. Muhula mzima tulifundisha udereva bila gari, na kama kuna jambo ninalojivunia, ni muhula ule.

Kwanza nilitengeneza ubao wa mji. Mmeuona kwenye shule za udereva: meza yenye barabara, mizunguko na maegesho, na vigari vidogo unavyosukuma kwa kidole mbele ya mtahini. Nilichonga vigari kwa mbao za mwerezi zilizobaki kwenye vitanda. Gichuki, kijana mkubwa mpole kutoka Mweiga, alisukuma kigari chake vizuri hadi kona ya pili, akasimama. Tukangoja.

"Gichuki, mbona umesimama?"

"Ng'ombe, Mwalimu."

"Ng'ombe gani? Huu ni ubao."

"Kwetu kwa kona kama hii huwa kuna ng'ombe. Nangoja wapite."

Tuliwangoja wakapita. Sikuona sababu ya kumkemea mtu kwa uangalifu.

Kisha nikachora barabara kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira, na kila mwanafunzi akapewa kifuniko cha sufuria kiwe usukani. Walitembea wakigeuza vifuniko, wakinguruma kwa midomo na kunyoosha mkono kila walipotaka kukata kona, kwa sababu magari mengi ya wakati ule hayakuwa na taa za kuonyesha. Ndegwa alinguruma vizuri kuliko wote. Alikuwa na sauti ya gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ukifunga macho ungedhani lori la kahawa linapanda. Nilimsifu mbele ya wenzake. Kumbukeni kwamba nilimsifu.

Adui wetu alikuwa mpishi, Mama Wangui. Siku ya tatu alikuja uwanjani na mwiko. "Githeri yangu iko wazi kama kichwa ya mtoto! Mnaendesha vifuniko, na mahindi haiivi! Huyu mwalimu ataendesha mpaka sufuria?" Akawanyang'anya madereva wanne usukani katikati ya mzunguko. Ilikuwa ajali kubwa.

Vijana walizoea hadi ikawa tabia. Walinyoosha mkono kabla ya kuingia chooni. Padri alilalamika kwamba wanafunzi wetu wakienda kupokea komunyo wanaonyesha ishara ya kulia, wanasimama, wanaangalia nyuma kwanza, ndipo wanakata kona. Mimi nilifurahi. Huo ndio udereva.

Hatimaye halmashauri ya shule ikanunua gari. Lilikuwa dogo, la buluu, la mitumba ya mlowezi aliyekuwa akirudi kwao, na wanafunzi walilipa jina siku ileile: Kiguta, yaani mvivu. Kiguta lilipenda tambarare. Likiona mlima lilikohoa. Na breki yake ya mkono ilikuwa ya mapambo: unaivuta inakuja yote, kama mkia wa kondoo, na gari linaendelea kurudi nyuma. Fundi wa Othaya alisema waya wake unatoka Nairobi. Uliendelea kutoka Nairobi mvua za masika, ukaendelea kutoka Nairobi mvua za vuli.

Hapo ndipo jiwe linapoingia. Msione ajabu, katika milima ile yote, lori lisilo na jiwe lilihesabiwa kuwa halijakamilika. Kulikuwa na taniboi, kijana wa kupakia mizigo, na kazi yake ya kwanza haikuwa mizigo. Dereva akisimama mlimani hupiga kelele moja: "Jiwe!" Taniboi anaruka chini kabla neno halijaisha, analisukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Gari linalala juu ya jiwe. Dereva sasa ana miguu miwili huru, anatafuta klachi yake kwa utulivu, anaongeza mafuta, anaondoka. Taniboi anaokota jiwe, kwa sababu kuliacha barabarani ni dhambi, litamvunja mtu mwingine. Kisha anakimbia. Mzee Gathua alikuwa na sheria aliyowaimbisha wanafunzi kila asubuhi: gari likishika mlima halisubiri mtu. Ukisimama tena kumngoja wa jiwe, mtaanza upya, na mwisho wake mtalala njiani.

Jiwe la Kiguta alilichagua yeye mwenyewe, na ilimchukua wiki nzima. Jiwe la mtoni ni laini, linaviringika. La kuchimbua kando ya barabara linapasuka. Linalofaa lina pembe tatu, upande mmoja bapa wa kukaa chini na mwingine uliobonyea kidogo wa kupokea tairi, na lisiwe zito kuliko mtoto wa miezi sita, kwa sababu mtu atakimbia nalo. Mahali pake ni nyuma ya kiti cha mbele kushoto, bapa chini, mbonyeo ukielekea mlango. Hivyo mkono unaliokota likiwa tayari limegeuka. Mzee Gathua aliliogesha jiwe lile kila Jumamosi. Nimeandika aliliogesha kwa sababu sabuni ilitumika.

Bwana Nderitu alitaka kujifunza faraghani. Nilimpeleka nyuma ya mabweni jioni moja, akawasha, akaondoka vizuri, akaelekea moja kwa moja kwenye nyasi za ng'ombe za shule. "Breki, Bwana Mkuu," nikasema. Yeye hakuitafuta breki. Aliliambia gari kwa sauti ile iliyonyamazisha mabweni sita: "Simama!" Tukaingia kwenye nyasi. "Nimesema simama!" Tukazidi kuingia, hadi Kiguta likazima lenyewe kwa uvivu wake. Alishuka, akatoa majani kwenye tai, akasema: "Mwalimu, gari hili halina nidhamu." Hakurudi tena kwenye usukani, lakini hakuacha kuuamini mpango wake.

Aliyeacha kuuamini ni Mwenyekiti wa halmashauri, mkulima mwenye fimbo ya mwanzi na hesabu kali. Alikuja kutuangalia siku moja, akakuta wanafunzi wanane wanasukuma Kiguta na mmoja anaendesha. Akaitisha mkutano.

"Hii kitu inakula petroli na haitoi maziwa," akasema. "Mimi niko na shauri. Mtahini wa leseni anakuja kutoka mjini mwisho wa muhula. Mwanafunzi mmoja akipata leseni, mmoja tu, nitanyamaza. Wakianguka wote, tunauza Kiguta, tunanunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi."

"Na mwalimu wa gari?" Bwana Nderitu akauliza.

Mwenyekiti akanielekezea fimbo. "Huyu atakamua."

Vijana, mimi nina ujuzi wa vitu vingi, lakini ng'ombe na mimi hatujawahi kuelewana. Ng'ombe huniangalia kama anayejua jambo fulani juu yangu. Usiku ule sikulala vizuri.

Tulichagua watahiniwa watatu: Gichuki, Ndegwa, na Wanjira, msichana mwembamba asiye na maneno mengi. Wanjira alikuwa amekunywa uji kuliko wanafunzi wote, maana hakuwahi kuumwaga. Mguu wake, alisema Mzee Gathua, ulikuwa na masikio mawili. Gichuki, kwa nguvu zake, ndiye aliyekuwa mtu wa jiwe kwa wote, na ilipofika zamu yake mwenyewe Ndegwa alilishika.

Siku ya mtihani Mwenyekiti alifika mapema. Alikuwa amekuja na ng'ombe. Hamkusoma vibaya: ng'ombe wa gredi, mweusi na mweupe, amefungwa kamba kwenye nguzo ya lango la shule. "Muuzaji amenipa nimjaribu," akasema. Akaketi karibu naye, wakaanza kutungoja wote wawili.

Mtahini alikuwa mtu mrefu wa makamo, sare imepigwa pasi hadi inakata, kofia imenyooka kama rula. Hakutabasamu. Alikagua Kiguta kuanzia taa hadi buti, akafika nyuma ya kiti cha mbele, akalitoa jiwe.

"Hili ni la nini?"

"Ni la kazi, Afande," Mzee Gathua akajibu.

Mtahini akalipima mkononi, akaligeuza mara moja. Akalirudisha bapa chini, mbonyeo ukielekea mlango. Mimi niliona tu kwamba alilirudisha. Mzee Gathua aliona vizuri zaidi, akakohoa.

"Sheria yangu ni moja," mtahini akatangaza. "Ndani ya gari ni mimi na mtahiniwa. Sitaki mtu mwingine."

Tuliangaliana. Mtu wa jiwe alikuwa ameondolewa. Njia ya mtihani ilitoka langoni, ikashuka hadi sokoni, ikazunguka na kupanda ule mlima, na katikati ya mlima, pale kwenye lango la kanisa, mtahiniwa alipaswa kusimama na kuondoka tena. "Afande," nikaanza, "breki ya mkono ya gari hili..."

"Mwalimu, wewe unafanya mtihani?"

"Hapana, Afande."

"Basi."

Gichuki alianza. Ubao aliumaliza bila kosa, ng'ombe wake wa mawazoni walikuwa wamekwisha kupita. Akawasha gari, akaondoka kwa mguu mtulivu, akafika langoni. Langoni kulikuwa na ng'ombe wa kweli. Gichuki akasimama, kama sheria inavyotaka. Akashuka, jambo ambalo sheria haitaki. Akamshika ng'ombe kamba, akamwangalia kiwele, akamfungua mdomo.

"Huyu amezaa mara ngapi?" akamuuliza Mwenyekiti.

"Wanasema mara mbili."

"Wanakudanganya, Mzee. Angalia pembe, kila pete ni ndama. Huyu ni nyanya ya mtu."

Mwenyekiti akainama kuangalia pembe. Wakazama kwenye mazungumzo. Ndani ya Kiguta, mtahini alikaa wima na ubao wake wa kuandikia magotini, dirisha wazi, akisikiliza bei za maziwa za Mweiga. Mwishowe alipiga honi mwenyewe. "Umeanguka," akasema. "Lakini ng'ombe amekaguliwa vizuri."

Ndegwa alishuka hadi sokoni bila shida, akaanza kupanda. Sisi tulikuwa juu langoni, tunaona barabara yote. Alisimama kwenye lango la kanisa na mguu juu ya breki, akaanza kuondoka, Kiguta likazima. Hilo si kosa kubwa, unawasha tena. Lakini hatukusikia limezima, kwa sababu ngurumo iliendelea. Ngurumo nzuri, ya gia ya kwanza. Kisha ya pili. Gari lilikuwa limesimama palepale, na Ndegwa akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, shingo imetoka mishipa, alikuwa anapanda mlima kwa mdomo. Alipofika gia ya tatu, mtahini alimgusa bega.

"Kijana. Tumefika wapi?"

Ndegwa akaangalia nje. Lango la kanisa lilikuwa bado liko pale.

Walitelemka polepole hadi sokoni kwa breki ya mguu, wakarudi juu mtahini mwenyewe akiendesha kwa kasi, bila kusimama popote. Bwana Nderitu aliishika tai yake kwa mikono miwili. Mwenyekiti alimpapasa yule nyanya ya mtu mgongoni, akaniuliza kama ninajua kushika ndoo kwa magoti.

Akabaki Wanjira.

Alivua viatu, akaviweka kando ya nguzo kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Mzee Gathua akamsogelea. "Mama," akamwambia, "fanya vile tulifundishana. Usibadilishe kitu."

Aliondoka kama uji juu ya boneti. Alimpita ng'ombe kwa nafasi ya kutosha. Alishuka, akazunguka soko, wanawake wa viazi wakampungia, yeye akanyoosha mkono wa kulia kwa sababu alikuwa anakata kona. Akaanza mlima. Kiguta likakohoa, likapanda, likafika lango la kanisa. Tukaona gari limesimama. Tukajua kinachofuata: mtahini atamwambia avute breki ya mkono, ataivuta, itakuja yote, na watarudi nyuma wote wawili hadi kwenye viazi.

Wanjira alifanya vile walivyofundishana. Hakubadilisha kitu. Kilima kizima kilisikia sauti ya yule msichana asiye na maneno mengi:

"JIWE!"

Mlango wa kushoto ulifunguka kabla neno halijaisha.

Ninaapa kwa leseni yangu kwamba niliyaona haya. Mkono wa mtahini ulikwenda nyuma ya kiti bila yeye kugeuka. Mguu mmoja uligusa ardhi gari likiwa linaanza kurudi, wa pili ukafuata, na yule mtu wa sare ya pasi akapiga goti kwenye udongo mwekundu na kuliingiza jiwe nyuma ya gurudumu kwa pembe yake hasa, kisha akapiga bodi ya gari makofi mawili, pa-pa, kama mataniboi wote wa milima ile walivyowaambia madereva wao: nenda.

Wanjira akaenda. Kiguta lilitetemeka kama paka, likangoja kidogo, likashika. Na gari likishika mlima halisubiri mtu.

Mtahini akaokota jiwe. Akakimbia.

Alikimbia vizuri, lazima niseme. Alilikumbatia jiwe kifuani kama inavyotakiwa, si kichwani, na alikimbia kando ya barabara ambako udongo haukuwa na utelezi. Alipokaribia nusu ya njia ndipo, nadhani, alipokumbuka yeye ni nani. Tuliona miguu ikipunguza mwendo, kofia ikigeuka huku na huku. Lakini jiwe lilikuwa mkononi na gari lilikuwa mbele, angefanya nini? Akaendelea kukimbia.

Wanjira aliegesha langoni, akazima, akashuka na kuvaa viatu. Mtahini alifika, matope magotini, akihema. Wa kwanza kusema alikuwa ng'ombe.

"Wewe," mtahini akasema alipopata pumzi. "Mbona hukunisubiri?"

"Tumefundishwa likishika halisubiri mtu, Afande."

"Nani amewafundisha?"

Wanjira akamwonyesha Mzee Gathua.

"Lori la kahawa?" Mzee Gathua akauliza polepole.

"Lori la kahawa," mtahini akakubali. "Nilikuwa taniboi kabla sijaandikwa kazi hii. Dereva wangu alikuwa na sauti kama ya huyu msichana."

Bwana Nderitu hakuweza kuvumilia zaidi. "Afande, tafadhali. Amepita au ameanguka?"

Mtahini alikung'uta goti, akaweka kofia sawa, akafikiri kama mtu anayepima mbao kabla ya kukata.

"Gari limeanguka," akasema. "Gari hili lisirudi barabarani kabla halijapata breki ya mkono, na nikija tena nitaivuta mwenyewe. Dereva amepita. Alisimama mlimani, hakurudi nyuma hata unyayo, akaondoka bila kuzima, na hakumgonga aliyekuwa nyuma yake. Aliyekuwa nyuma yake ni mimi, kwa hiyo nina hakika."

Kelele tuliyopiga iliwatoa watu kwenye chai. Mama Wangui alikuja akipiga vifuniko viwili vya sufuria, vyake mwenyewe, kwa hiari yake. Mwenyekiti alisimama, akapiga fimbo chini, akasema yeye ni mtu wa neno lake, atanyamaza. Kisha hakunyamaza. "Gichuki," akaita, "njoo unisaidie kumrudisha huyu nyanya kwa mwenyewe. Unieleze tena ile habari ya pembe." Na ule waya wa breki, vijana, ulipogharamiwa na Mwenyekiti ulifika kutoka Nairobi wiki hiyohiyo.

Katikati ya furaha ile, mtu mmoja hakuwa na furaha. Mzee Gathua alikuwa ameinama ndani ya Kiguta, akipapasa nyuma ya kiti.

"Jiwe yangu iko wapi?"

Tukatafuta langoni, tukatafuta barabarani hadi kanisani. Halikuwepo. Ndegwa ndiye aliyekumbuka kwamba mtahini alipoingia kwenye gari lake dogo kurudi mjini, alikuwa bado amelikumbatia. Mzee Gathua alikaa chini kwenye nyasi. Tulimwambia Kiguta sasa litapata breki, jiwe halihitajiki tena. Alituangalia kama watu tuliomwambia mvua haihitajiki kwa sababu kuna mfereji.

Muhula uliofuata mtahini alirudi. Mzee Gathua alikuwa langoni kabla gari halijasimama.

"Afande, ulienda na jiwe yangu."

Mtahini alishuka, akaangalia kushoto na kulia kama anayetaka kuvuka barabara. Akafungua mlango wa gari lake mwenyewe, si la kazi, na kutuonyesha nyuma ya kiti cha mbele kushoto. Lilikuwa pale, bapa chini, mbonyeo ukielekea mlango. Lilikuwa safi, limeogeshwa.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "niachie hili. Mimi pia nakaa mlimani."